Maneno Yanayotangulia Barakoa: Kiswahili katika Jaribio la Kupima Upeo wa Matumizi ya Oksijeni Mwilini

Utangulizi

Mkimbiaji anapopandishwa juu ya mashine ya kukimbilia ili uwezo wa mwili wake wa kutumia oksijeni upimwe, hutokea jambo moja ambalo wanafiziolojia hulitaja kwa kupita tu, ilhali kwa mwanafunzi wa lugha ndilo kiini cha shughuli nzima: mtu huyo hufungwa mdomo. Barakoa ya mpira hufunika pua na kinywa chake, ikakazwa kwa mikanda nyuma ya kichwa ili hewa isivuje, na tangu hapo hadi mwisho wa jaribio hawezi kutamka neno likaeleweka. Hawezi kuuliza. Hawezi kusema kwamba hakuelewa. Kila lililopaswa kuelezwa lazima liwe limekwisha kuelezwa, na kila swali lililopaswa kuulizwa lazima liwe limekwisha kujibiwa.

Makala haya yanakusudia kufafanua jaribio hilo jinsi linavyofanywa na maana ya nambari inayotokana nalo, kisha kuchunguza maneno ya Kiswahili yanayohitajika ili mtu anayepimwa ajue anachofanyiwa. Hoja inayotetewa ni kwamba tatizo la Kiswahili katika uwanja huu si uhaba wa maneno. Maneno yapo, tena mengi. Tatizo ni kwamba baadhi ya yale yanayokuja mdomoni upesi humpotosha msikilizaji, na upotoshaji huo huweza kuharibu kipimo chenyewe au kumnyima kijana nafasi yake katika riadha.

Suala hili lina uzito wa pekee nchini Kenya. Wanariadha wa Bonde la Ufa wamekuwa wakipimwa na watafiti wa ndani na wa nje kwa zaidi ya miaka 30, na matokeo mengi yamechapishwa kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ni kweli kwamba kijana wa Keiyo au Nandi hakulelewa kwa Kiswahili nyumbani, na yamkini angeelewa zaidi akielezwa kwa lugha ya mama. Hata hivyo, pale wanapokutana wanariadha wa jamii mbalimbali na mpimaji asiyejua lugha zao, Kiswahili ndicho daraja lililo karibu.

Kinachopimwa

Hewa anayoivuta binadamu ina takriban asilimia 20.93 ya oksijeni, awe Mombasa au Iten. Hewa anayoitoa ina oksijeni pungufu na kabonidayoksaidi zaidi. Tofauti ya oksijeni kati ya hewa iingiayo na hewa itokayo, ikizidishwa kwa wingi wa hewa iliyopita katika dakika moja, huonyesha kiasi cha oksijeni kilichobaki mwilini na kutumiwa. Mathalani, mtu akitoa lita 90 za hewa kwa dakika (zikiwa zimekwisha kusahihishwa kwa joto, mvuke na kani ya hewa), na hewa hiyo ikawa na asilimia 17.5 ya oksijeni, basi mwili wake umetumia takriban lita 3 katika dakika hiyo. Akiwa na uzito wa kilo 60, lita hizo zikigawanywa kwa uzito wake hutoa yapata mililita 50 kwa kila kilo kwa kila dakika. Hicho ndicho kizio kinachotumiwa kuwalinganisha watu wa maumbo mbalimbali. Mtu aliyeketi ametulia hutumia takriban mililita 3.5 tu kwa kizio hichohicho.

Kasi ya kukimbia ikiongezwa, matumizi ya oksijeni hupanda sambamba nayo. Lakini hupanda hadi mahali fulani tu. Hufika hatua ambapo kasi inaendelea kuongezeka ilhali matumizi yamekwama, na kazi ya ziada inagharimiwa na njia nyingine za mwili zisizotegemea oksijeni, ambazo hazidumu. Mahali hapo pa kukwama ndipo panapotafutwa. Wazo hili liliwekwa bayana na Mwingereza Archibald Vivian Hill, aliyekuwa Manchester, pamoja na mwenzake Hartley Lupton katika makala yao ya mwaka 1923. Hill, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922, hakutafuta mtu wa kumjaribia mbali: alikimbia mwenyewe, amebeba mgongoni mfuko wa kukusanyia hewa aliyoitoa, wa aina iliyobuniwa na Claude Gordon Douglas mwaka 1911. Mashine za leo hupima hewa kila pumzi na kuonyesha matokeo papo hapo, ila kanuni haijabadilika tangu siku za mfuko.

Je, ni nini kinachoweka kikomo hicho? Mjerumani Adolf Fick alionyesha mwaka 1870 kwamba oksijeni inayotumiwa na mwili ni sawa na wingi wa damu inayosukumwa na moyo kwa dakika, ukizidishwa kwa tofauti ya oksijeni iliyomo katika damu ya ateri na ile ya vena. Kwa watu wengi wenye afya, mapafu huijaza damu oksijeni karibu kikamilifu hata wanapokimbia kwa nguvu zote. Isipokuwa kwa baadhi ya wanariadha wa hali ya juu, na kwa watu walio katika nyanda za juu. Kikwazo kikubwa kwa kawaida ni moyo: kiasi cha damu unachoweza kukisukuma, pamoja na himoglobini iliyomo katika damu hiyo. Jambo hili lapaswa kukumbukwa, kwani ndipo mgogoro wa istilahi unapoanzia.

Pumzi, stamina au upeo?

Mzungumzaji wa kawaida akiulizwa jaribio hili linapima nini, atajibu: “Linapima pumzi.” Jibu hili lina mantiki ya lugha ndani yake. Kiswahili kimejenga ukoo mzima wa maneno juu ya kupumua: pumua, pumzi, pumzika, pumziko, pumu. Kupumzika ni kurudisha pumzi. Mkimbiaji hodari husemwa kuwa “ana pumzi”, na anayeachwa nyuma husemwa kuwa “pumzi zimemwishia”. Lugha imekwisha kuunganisha ustahimilivu na kifua tangu zamani.

Kwa mazungumzo ya uwanjani neno hilo latosha. Ndani ya maabara halitoshi, kwa sababu linamfanya mtu aamini kwamba mapafu yake ndiyo yanayopimwa. Kijana aliyepata nambari ya chini ataondoka akidhani ana kasoro ya kifua, pengine hata ugonjwa, hali mapafu yake ni mazima kabisa. Isitoshe, hospitalini kuna kipimo kingine cha mapafu ambapo mgonjwa, mathalani mwenye pumu, huvuta hewa kwa kina kisha kuipuliza kwa nguvu ndani ya kifaa. Hicho ndicho kinachostahili kuitwa kipimo cha pumzi. Kuviita vipimo viwili tofauti jina moja ni kualika mkanganyiko.

“Stamina” nalo limeenea sana, hasa katika utangazaji wa kandanda. Kasoro yake ni upana. Stamina ya mchezaji hujumuisha misuli, nia, lishe na hata uzoefu. Jaribio hili halipimi yote hayo. “Uwezo wa erobiki” ni istilahi sahihi kwa mtaalamu, lakini humlazimu kueleza maana ya “erobiki” kabla ya kueleza jambo lenyewe, na katika miji yetu neno hilo tayari limeshikwa na madarasa ya kuchezesha viungo kwa muziki.

Linabaki fungu la maneno linaloeleza jambo waziwazi: “kiwango cha juu cha matumizi ya oksijeni”. Hapa tatizo ni la kisarufi. Kivumishi cha Kiswahili hakinyambuliwi ili kuonyesha kilele cha sifa; “kiwango cha juu” huweza kumaanisha kiwango kilicho kikubwa tu au kile kisichoweza kuzidiwa. Mtu akiambiwa “tumepima kiwango chako cha juu cha matumizi ya oksijeni”, anaweza kufurahi akidhani amesifiwa. Kuongeza “kabisa” au “zaidi” huondoa utata huo, ila istilahi huwa ndefu kupita kiasi.

Ndiyo sababu neno “upeo” linafaa zaidi. Upeo wa macho ni pale jicho linapokoma kuona, si kwa kuwa ulimwengu umekwisha bali kwa kuwa uwezo wa kuona umefika mwisho wake. Hiyo hasa ndiyo dhana ya Hill: kazi inaweza kuongezeka, oksijeni ya hewani ipo tele, lakini mwili umefika mwisho wa kuitumia. “Upeo wa matumizi ya oksijeni” ni istilahi ya maneno matano yanayojulikana na kila mwanafunzi wa shule ya upili, haina utata wa daraja, wala haimsingizii mtu maradhi ya kifua. Wako watakaopendelea “ufyonzaji” badala ya “matumizi”. Ufyonzaji, hata hivyo, humrudisha msikilizaji kwenye mapafu, yaani kosa lilelile la “pumzi” kwa vazi jipya. Kwamba sayansi yaweza kuandikwa kwa Kiswahili si jambo la kubishaniwa tena. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kazi iliyobaki ni ya uteuzi.

Mtihani, jaribio au kipimo?

Hata jina la shughuli yenyewe lina hatari zake. “Mtihani” ni neno la kufaulu na kufeli. Lipo mahali linapofaa: mwamuzi wa kandanda hupewa kweli mtihani wa kukimbia, na asipomaliza mizunguko kwa muda uliowekwa hukosa kupangiwa mechi. Lakini upeo wa matumizi ya oksijeni haufeliwi. Mwanafunzi wa Kenya, aliyelelewa na mitihani tangu utotoni, akisikia neno hilo huanza kutetemeka, na mapigo ya moyo wake hupanda kabla hajakanyaga mashine.

“Kipimo” lina tatizo jingine lisilojulikana kwa mgeni. Kutokana na kampeni za kupambana na UKIMWI, kitenzi “kupimwa” kikitumika bila yambwa kimezoeleka kumaanisha kupimwa virusi. Akiambiwa kijana tu kwamba “utapimwa kesho asubuhi”, kisha akafika na kukuta mtu amevaa glavu akitaka kumchoma kidole, hana budi kuwaza mengine. Na kidole huchomwa kweli katika majaribio mengi ya namna hii, ili tone la damu lipimwe lakteti, dutu inayoongezeka katika damu mazoezi yanapokuwa makali. Dawa ya shaka hiyo ni sarufi: kitenzi kisiachwe pekee. Iwe “utapimwa matumizi ya oksijeni”, na damu “itapimwa lakteti pekee”. Yambwa moja iliyotajwa huondoa hofu ya usiku kucha.

Kwa shughuli kwa jumla, “jaribio” ndilo lililo salama, na “kipimo” libakizwe kwa nambari inayopatikana.

Kabla ya ukanda kuanza kuzunguka

Anayepimwa hufika akiwa hajala mlo mzito saa chache zilizotangulia wala hajafanya mazoezi makali siku iliyopita. Huulizwa juu ya afya yake: maradhi ya moyo katika ukoo, kuzirai, maumivu ya kifua, dawa anazotumia. Hupimwa uzito. Mkanda wa kuhesabu mapigo ya moyo hufungwa kifuani. Baada ya kupasha mwili joto kwa dakika kadhaa huvishwa barakoa, na ukanda wa mashine huongezwa kasi au mwinamo hatua kwa hatua. Utaratibu wa Robert Bruce wa Seattle, uliochapishwa mwaka 1963 na ungali unatumiwa sana hospitalini, huanza kwa mwendo wa kutembea wa takriban kilomita 2.7 kwa saa juu ya mwinamo wa asilimia 10, kisha huongezwa kila baada ya dakika 3. Kwa wakimbiaji hatua huwa fupi na kasi kubwa zaidi, ili jaribio lote limalizike kati ya dakika 8 na 12. Likirefuka mno miguu huchoka kabla ya moyo kufika ukomo wake.

Katika dakika hizo chache kila kitu hutegemea maagizo yaliyotolewa awali, na hapa kitenzi kimoja kinaweza kuharibu kila kitu. Agizo linalotolewa mara nyingi ni “ukichoka, simama.” Kiambishi -ki- huweka sharti: mara tu hali ya kuchoka inapotokea, simama. Lakini mkimbiaji huanza kuchoka mapema sana. Kijana mtiifu atasimama katika dakika ya 5, na nambari itakayoandikwa haitakuwa upeo wake. Itakuwa alama ya utiifu wake. Agizo linalofaa ni “endelea mpaka ushindwe kabisa”, kwa maana kushindwa ndiko kunakotafutwa. Hata hivyo agizo hilo likiachwa peke yake ni la hatari, kwani kijana huyohuyo mtiifu atavumilia hata yasiyovumilika. Lazima lifuatwe na la pili: “lakini ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama papo hapo, hata kama bado una nguvu.” Kiswahili kinatofautisha vizuri kati ya kuchoka, kushindwa na kuumwa. Mpimaji asiyetofautisha vitenzi hivyo vitatu hana udhuru wa lugha.

Maadamu kinywa kimefungwa, mazungumzo hugeuka kuwa ishara. Dole gumba juu ni “niendelee”. Kiganja kilichoinuliwa ni “nasimama”. Ishara hizi zafaa kufanyiwa mazoezi kabla, kwa sababu si kila mtu huzisoma kwa namna moja. Aidha, maswali yanayoulizwa wakati wa jaribio sharti yawe na jibu la ndiyo au la. “Unajisikiaje?” ni swali la huruma lisiloweza kujibiwa kwa dole gumba. Hata “hujachoka?” ni mtego: mtu akitikisa kichwa kukubali, je, anakubali kwamba hajachoka au anakiri kwamba amechoka?

Chombo kingine cha mawasiliano ni jedwali la Msweden Gunnar Borg, lenye nambari 6 hadi 20, ambapo 6 ni kutojitaabisha kabisa na 20 ni mwisho wa uwezo. Anayepimwa huonyesha kwa kidole nambari inayolingana na ugumu anaouhisi. Nambari ni rahisi. Maelezo yaliyoandikwa kando yake ndiyo magumu kutafsiri. Nambari 13, iliyo katikati ya jedwali, mtafsiri wa haraka ataiandikia “ngumu kidogo”. Lakini “kidogo” katika Kiswahili ni neno la adabu kabla ya kuwa neno la kiasi. Mgonjwa mahututi humwambia mzee aliyekuja kumjulia hali kwamba anaumwa “kidogo”. Kijana aliye mbele ya daktari au kocha anayemwita “mwalimu” atachagua “kidogo” kwa heshima, hata pale miguu inapoungua. Afadhali iandikwe “ngumu kiasi”, ingawa nalo si kamilifu.

Lipo suluhisho lililo karibu zaidi na mwili wenyewe, nalo limelala katika vitenzi vya Kiswahili. Mtu anapumua. Akizidi, anahema. Akizidi tena, anatweta. Vitenzi hivi vitatu ni ngazi iliyokwisha kutengenezwa na wenye lugha, isiyohitaji jedwali la kigeni. Anayepumua aweza kusimulia kisa kizima huku akikimbia. Anayehema hukata sentensi vipande vipande. Anayetweta hutoa neno moja moja. Wataalamu wa mazoezi wana njia inayofanana na hiyo ya kukadiria ukali wa zoezi kwa kumsikiliza mtu akizungumza. Mtafsiri wa jedwali la Borg angeanza na ngazi hii, akaijaza nafasi za katikati, angepata maelezo ambayo mtu wa Lamu na wa Kapsabet wangeyaelewa bila kuelezwa mara mbili.

Nambari na mwenye nambari

Jaribio huisha mkimbiaji anaposhika vishikio. Mpimaji huangalia kama kweli upeo ulifikiwa: je, matumizi ya oksijeni yalikwama ingawa kasi iliongezwa? Je, uwiano wa kabonidayoksaidi inayotolewa kwa oksijeni inayotumiwa ulivuka 1.10? Mapigo ya moyo yalikaribia kiasi kinachotarajiwa kwa umri wake? Anayepimwa hutembea polepole kwa dakika chache badala ya kusimama ghafla, damu isije ikabaki miguuni akazirai. Kisha barakoa huvuliwa, na sauti yake hurudi. Swali la kwanza huwa lilelile: “Nimepata ngapi?”

Jibu la nambari tupu ni hatari kuliko kutojibu. Utafiti wa Msweden Bengt Saltin na wenzake, uliochapishwa mwaka 1995, uliwapima wavulana na wakimbiaji wa Kenya pamoja na wakimbiaji wa Skandinavia. Wakimbiaji wa Kenya waliokuwa katika mazoezi walipata wastani wa takriban mililita 68 walipopimwa nyanda za juu, na takriban 80 walipopimwa usawa wa bahari. Miili ni ileile. Mahali ndipo palipobadilika. Nyanda za juu asilimia ya oksijeni hewani haipungui, ila kani ya hewa hupungua, na damu hupata oksijeni kidogo zaidi. Kocha anayempima kijana Iten, penye mwinuko wa takriban mita 2,400, kisha akamlinganisha na jedwali la Ulaya, anamdhulumu bila kujua. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba wakimbiaji bora wa Skandinavia hawakutofautiana sana na Wakenya katika upeo. Wakenya walizidi katika jambo jingine: kutumia oksijeni kidogo kwa kasi ileile. Na miongoni mwa wavulana wasiokuwa wakimbiaji, waliozoea kutembea au kukimbia kwenda shuleni walikuwa na wastani wa 62, dhidi ya 47 wa wale wasiojishughulisha. Nambari hizo mbili zinastahili kujadiliwa katika kila mkutano wa wazazi ambapo mabasi ya shule hutajwa.

Kwamba upeo pekee hautabiri mshindi kumeonekana mara nyingi. Mwendesha baiskeli wa Norwei Oskar Svendsen aliripotiwa kupata 97.5 mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 18. Mwaka 2014 aliacha mashindano. Kwa upande mwingine, Andrew Jones na wenzake walichapisha mwaka 2021 vipimo vya wakimbiaji 16 wa hali ya juu waliopimwa katika mradi wa kutafuta marathoni ya chini ya muda wa saa mbili. Wastani wao ulikuwa 71, na wa chini kabisa miongoni mwao alikuwa na 62. Kijana wa klabu ya mtaa mwenye 62, akiambiwa tu kwamba nambari yake ni “ya chini”, huenda akauza viatu vyake.

Tofauti nyingine ambayo lugha lazima iihifadhi ni kati ya kupima na kukadiria. Shule nyingi hazina mashine, hivyo hutumia majaribio ya uwanjani. Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, alieleza mwaka 1968 jaribio la kukimbia kwa dakika 12: umbali katika mita hupunguzwa 504.9, kisha hugawanywa kwa 44.73. Aliyekimbia mita 2,400 hupata takriban 42. Luc Léger wa Montreal naye alibuni mbio za kwenda na kurudi mita 20 kwa kufuata mlio, kuanzia kilomita 8.5 kwa saa na kuongezeka 0.5 kila dakika. Majaribio haya ni mazuri na ya bei nafuu, lakini hayakupima oksijeni hata tone. Yalipima mwendo, yakaikisia oksijeni. Kwa hiyo ripoti ya mwalimu wa michezo isiandike “upeo wa mwanafunzi ni 42” bali “upeo wa mwanafunzi unakadiriwa kuwa 42”. Silabi chache zaidi, na ukweli umehifadhiwa.

Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, lililopitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1964, linadai kwamba anayefanyiwa utafiti aelezwe vya kutosha kabla ya kuridhia. Fomu za ridhaa zinazotafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza hutimiza sharti hilo kwa karatasi tu. Maelezo yanayopendekezwa hapa ni ya kusemwa kwa mdomo, na mpimaji aliyekomaa kwa kijana aliye mbele yake, kabla ya barakoa kufungwa:

“Leo tunataka kujua mwili wako unaweza kutumia oksijeni kiasi gani unapokimbia kwa nguvu zako zote. Huu si mtihani. Hakuna kufaulu wala kufeli. Nitakuvisha barakoa hii, na ukishaivaa hutaweza kusema, kwa hiyo niulize sasa lolote unalotaka kujua. Ukanda utaanza polepole, kisha utaongezeka kila dakika. Utahema, halafu utatweta, usishtuke. Endelea mpaka ushindwe kabisa, kisha shika hivi vishikio. Lakini ukisikia maumivu kifuani au kizunguzungu, inua kiganja hivi nami nitasimamisha mara moja. Mwishoni nitakuchoma kidole kidogo nipate tone la damu la kupima lakteti, si kitu kingine. Ukitaka kuacha wakati wowote, acha, hutaulizwa sababu. Sasa nieleze wewe, kwa maneno yako, tutafanya nini.”

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi. Kijana akiambiwa “umeelewa?” atajibu “ndiyo, mwalimu”, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyofundishwa kuwajibu wakubwa. Akitakiwa kueleza, mpimaji atajua kama barakoa yaweza kufungwa au bado.

Matokeo nayo yasemwe kwa sentensi inayotaja siku, mahali na hali: “Leo, hapa Eldoret, baada ya majuma mawili ya kupumzisha goti, mwili wako ulifika upeo wa mililita 58 kwa kila kilo kwa kila dakika.” Kila kielezi katika sentensi hiyo ni sehemu ya kipimo, na mwandishi wa ripoti akifuta kimojawapo ili kuokoa nafasi kwenye jedwali, nambari inayobaki si ile iliyopimwa.